Jibu: Dunia ya riwaya ya fantasia unaitoa wapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu wa Dodoma anaweza kuandika riwaya ya fantasia, yaani ya dunia ya kubuni yenye uchawi, bila kukopa ngome na theluji za Ulaya. Anaweza kabisa, mimi ndivyo ninavyoandika.

Bibi yangu Mgogo alikuwa msimuliaji hodari. Tukipukuchua mahindi jioni alitusimulia habari za fisi, na kila alipofika penye hofu alishusha sauti mpaka tukasogeza vigoda. Kasi ya hadithi nilijifunza hapo.

Riwaya yangu yenyewe ilizaliwa Kolo, kijiji cha Kondoa, mkoani Dodoma. Nenda, tafadhali. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na imetapakaa kwenye mapango zaidi ya 150. Utaona watu wembamba, warefu kupita kiasi, wamechorwa kwa rangi nyekundu. Nilisimama mbele yao nikajiuliza: hawa wanakwenda wapi? Swali hilo likawa sura ya kwanza. (Wenyeji bado wanafanya matambiko kwenye baadhi ya mapango, kwa hiyo ingia kwa heshima.)

Kuandika, naandika alfajiri, kwa kalamu, kwenye daftari. Usianze na ramani ya dunia yako ya kubuni. Anza na uchawi: unamgharimu nini anayeutumia? Kwenye riwaya yangu, mwita mvua kila akifanikiwa anasahau jina la mtu mmoja anayempenda. Mwaka wa ukame anaamka, mtoto anamwita "mama", naye hajui amwitikie nani. Kuanzia hapo kalamu haikusimama.

Kurasa zako za mwanzo ziweke hapa, nitazisoma.