Mtoto wa marehemu kaka ana miaka 13, anameza ARV (dawa za virusi vya UKIMWI) akijua ni dawa za kifua. Nimwambie?

Pole sana dada wa Uyole, mzigo wa kulea mtoto wa kaka yako si mdogo. Mi naona umwambie, tena usisubiri afike fomu wani. Umesema ameshaanza kuuliza mbona kifua hakiishi na we ukambadilishia mada, basi ujue ana wasiwasi tayari, na watoto wa saiv wana simu za wenzao, jina la dawa liko kwenye kopo anaandika Google anapata kila kitu akiwa peke yake, hapo ndo wengi wanaacha kumeza kimyakimya, wanatupa chooni, we unakuja kushtukia wingi wa virusi umepanda.

Shirika la Afya Duniani tangu 2011 linashauri mtoto wa umri wa shule aambiwe, na walio wadogo zaidi waambiwe kidogo kidogo kulingana na akili zao. Nenda CTC, ile klinik ya virusi mnakochukulia dawa, ongea kwanza na mshauri bila mtoto, halafu mrudi wote. Usimwambie asubuhi anaenda shule, chagua siku ambayo mpo nyumbani na una muda wa kumjibu.

Atauliza virusi alivipataje. Mwambie ukweli kwamba alizaliwa navyo, na wazazi hawakumfanyia makusudi. Mwambie pia akimeza vizuri virusi vikawa havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mtu kwa ngono, na siku moja anaweza kuoa na kuzaa watoto wasio na virusi. Hili wengi wanalisahau jamani, na ndo analolihitaji kuliko yote.

Na huyo bibi anayekataa mtoto aambiwe, nenda naye klinik amsikie nesi mwenyewe.