Kahawa kunuka mpira ulioungua baada ya mafua

Pole dada. Umeuliza kama ubongo umeharibika, maana tangu upate mafua, miezi mitatu sasa, kahawa inanuka mpira ulioungua. Ni kawaida kuogopa, lakini sidhani kama umeharibika. Juu kabisa ndani ya pua kuna seli za neva zenye vipokezi, yaani vinasa harufu, vya aina kama 400. Kila aina hupeleka nyuzi zake kwenye vituo vyake maalumu chini ya ubongo, na ubongo hutambua kahawa kwa mpangilio wa vituo vilivyoamka. Mafua yakiua baadhi ya seli, mpya huota. Zikiwa bado chache, au nyuzi zikikosea njia, mpangilio huvurugika.

Ili kuizoeza pua upya, nusa karafuu, limau, waridi na mkaratusi, sekunde 20 kila kimoja, asubuhi na jioni, kwa miezi kadhaa. (Gesi ikivuja huenda usisikie harufu yake, angalia mtungi!) Pua ikitoka damu, muone daktari.