Ukurasa wa miaka 80: jibu kwa mwanangu

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mama yako ameisoma mara mbili kabla ya kunipa. Unasema kwamba walimu wenzako huko Likasi wamekuachia ukurasa mmoja wa kuadhimisha shule ya uchoraji ya mji wetu, ambayo mwaka huu wa 2026 inatimiza miaka 80 tangu ilipoanza mwaka 1946, nawe hujui umtangulize nani. Wengine wanataka aanze Pierre Romain-Desfossés kwa kuwa ndiye aliyeifungua. Wengine wanaona si haki kumweka mbele Mfaransa, afisa wa zamani wa jeshi la majini, aliyeianzisha wakati mji huu ungali unaitwa Élisabethville. Umeniuliza mimi, niliyelea watoto kwa kuandika mabango ya maduka, nami nakujibu bila kusita: anza na Bela.

Bela hakuja kusoma. Alitoka upande wa Chad, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Romain-Desfossés, na aliposhika rangi hakushika brashi. Alichovya ncha za vidole vyake akazigusisha kwenye karatasi, mguso baada ya mguso, mpaka majani, wanyama na wawindaji wakajitokeza. Wanafunzi wako wakitaka kuelewa, usiwaeleze mengi. Wape rangi kidogo, waguse karatasi kwa kidole kimoja, waone jinsi alama inavyokuwa nzito pale kidole kinapotua na nyepesi pale kinapoondoka. Jani tayari limepatikana. Mtu aliyegundua hivyo kwa mikono yake mwenyewe, katika nyumba alimokuwa akiwatumikia wengine, anastahili mstari wa kwanza.

Romain-Desfossés umtaje baada yake, na umtaje kwa heshima. Karakana yake, ambayo watu waliiita Hangar, ilikataa jambo ambalo shule nyingi za wakati ule zililiona kuwa ndiyo elimu yenyewe, yaani kumpa mwanafunzi picha ya Ulaya ili ainakili. Yeye aliwaacha wachore wanayoyakumbuka na wanayoyaona: mto, samaki, nyoka, msitu, vita vya wanyama. Mwalimu anayejua pa kunyamaza ni adimu, nami namshukuru kwa hilo. Lakini usifiche upande wa pili. Shule aliipa jina rasmi la sanaa ya «wenyeji», na aliwakinga wanafunzi wake wasiathiriwe na sanaa ya nje, kana kwamba jicho la Mwafrika likiona kitu cha mbali litaharibika. Hapo sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu aliyezuiwa kuona hakupewa nafasi ya kuchagua.

Sasa nafika kwa wanafunzi wawili wa Hangar ninaowapenda kuliko wote, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Pilipili alijaza ubao wake wote. Hakuacha nafasi tupu nyuma ya samaki au ndege. Aliifunika kwa nukta na alama ndogo ndogo, safu kwa safu, hata maji yenyewe yakawa na uhai sawa na kilichomo ndani yake. Mwenze, ambaye baba yake alikuwa mfumaji, alichora kwa vistari vifupi vinavyolala sambamba, kwa rangi chache za udongo, na kila mwili wa mtu au mnyama ukaonekana kama umefumwa. Nilipokuwa kijana nilijaribu kumwiga juu ya kipande cha ubao kisichozidi mlango wa kabati. Nilianza asubuhi, na jua lilipozama sikuwa nimefika nusu. Vistari vyangu vya mwisho vilikuwa vimepinda, na kidole gumba kilikuwa kinatetemeka. Tangu siku hiyo, nikiona mchoro wake, kwanza nauona muda aliokaa ameinama, kisha ndipo nauona mchoro.

Shule hii haikusimama juu ya mtu mmoja, na mwaka 1954 ulilithibitisha hilo. Romain-Desfossés alifariki mwaka huo, na Hangar ingeweza kufa pamoja naye. Lakini Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameshafungua akademia ya sanaa mjini mwaka 1951, na watu wa Hangar wakapokelewa humo. Pilipili na Mwenze, waliokuwa wanafunzi, wakawa walimu. Hiyo ndiyo shule iliyoendelea hadi leo kama Institut des Beaux-Arts. Ukurasa wako ukiwa mfupi, punguza kwingine, hapa usipunguze.

Usimsahau Mode Muntu, mtoto wa mji huu huu, aliyezaliwa 1940 na kufariki 1985. Alipita katika akademia hiyo, lakini ukimtazama hutaona vistari vya Mwenze wala samaki wa Pilipili. Utaona watu wembamba, warefu, walioshikana na kupitana mpaka hujui mkono huu ni wa nani. Mwaka 2015 michoro ya hawa wote ilitundikwa Paris, katika Fondation Cartier, jumba la maonyesho ya sanaa, na watu waliisafiria kutoka mbali. Watoto wengi wa Katuba hawajawahi kusikia hata jina moja kati ya hayo. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo maana nimefurahi kwamba ukurasa huo umepewa wewe.

Ukimaliza kuuandika, niletee niusome kabla haujabandikwa. Majina nitayaandika mimi kwa brashi yangu, Bela juu, na herufi zote kwa ukubwa mmoja. Nipimie tu upana wa ubao, na uniambie kama ukuta huo unapata mvua.

Baba yako