Ukienda Varanasi, anzia kwa Kal Bhairav

Wageni wengi wakifika Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu nchini India, hukimbilia Mto Ganga kupiga picha, kisha wanaondoka wakilalamikia kelele na vichochoro. Ushauri wangu ni huu: zijue hadithi za mahekalu kabla hujapanda ndege. Mahujaji wenyewe wanazifuata hizo, si ramani.

Anza na hekalu la Kal Bhairav, yaani mungu Shiva katika sura yake ya ukali. Inasimuliwa kwamba alikikata kichwa cha tano cha Brahma, mungu muumbaji, aliyejaa kiburi, fuvu likamganda mkononi. Alizunguka nalo akiombaomba, na halikumtoka mpaka alipoingia Kashi, jina la kale la mji huu. Tangu hapo ndiye mlinzi wa mji, na kwa mapokeo mgeni humpigia hodi yeye kwanza. Ndani utaona uso wa fedha tu, mwili wote umefunikwa nguo na mashada ya maua. Mbwa ni kipando chake, kwa hiyo ukiwakuta wamelala mlangoni, wapishe.

Kisha nenda Kashi Vishwanath, hekalu kuu la Shiva mjini. Simu na kamera haziingii. Viache hotelini, utapunguza usumbufu. Hekalu la awali lilibomolewa mwaka 1669 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, na hili la sasa lilijengwa mwaka 1780 na malkia Ahilyabai Holkar wa Indore. Msikiti wa Gyanvapi uko ubavuni kabisa na mgogoro wa Wahindu na Waislamu juu ya eneo lake umefika mahakamani, basi usianzishe mjadala huo ukiwa kwenye foleni.

Hatua chache kutoka hapo ni hekalu la Annapurna, yaani Parvati kama mungu wa chakula, na hapa ndipo nilipopapenda kuliko kwingine kote. Shiva alimwambia mkewe Parvati kwamba kila kitu ni njozi, hata chakula. Parvati akaudhika, akatoweka, njaa ikatanda duniani. Alipojitokeza Kashi akigawa chakula, Shiva mwenyewe alikuja na bakuli kuomba. Ndiyo maana mahujaji hulishwa bure kwa jina lake: unakaa, unapakuliwa wali na dengu, unakula kwa mkono wa kulia. Sisi tuliolelewa hivyo hatupati shida.

Manikarnika, ngazi za mtoni wanapochomea maiti usiku na mchana, si mahali pa utalii. Wahindu wanaamini kwamba anayefia Kashi hunong'onezwa na Shiva sikioni maneno ya kumkomboa, asizaliwe tena. Nenda kama unavyokwenda msibani kwa jirani: nguo za staha, sauti chini, bila kupiga picha. Akitokea mtu anakudai mchango wa kuni za kuchomea maiti za maskini, kataa kwa upole uondoke. Mchezo huo wa kuwakamua wageni ni wa siku nyingi.

Kuhusu msimu, epuka Julai hadi Septemba. Mto hujaa, maji yakafunika ngazi, na mashua huzuiwa. Novemba hadi Februari ni afadhali, ila beba sweta; asubuhi kuna baridi na ukungu.