Mshua wangu alifanyiwa baipasi ya moyo 2011, bado yupo

Mkuu uliyeuliza kama mzee wako wa miaka 62 mwenye sukari na mishipa mitatu iliyoziba akifanyiwa baipasi atadumu au mtakuwa mmepoteza hela tu, mi nakujibu kwa niliyoyaona kwa mshua. Alipasuliwa India 2011, na leo asubuhi nimemuacha anamwagilia migomba yake.

Miezi mitatu ya mwanzo ndo migumu jamani. Kifua kinapasuliwa katikati, mfupa unafungwa na waya, sasa kikohozi kikimjia alikuwa anakumbatia mto kwa nguvu machozi yanamtoka, na mguu waliotoa mshipa ulivimba hadi ndala ikawa haiingii. Usiku halali, mara mkali, mara analia, tukadhani kachanganyikiwa kumbe wengi huwatokea hivyo baada ya operesheni kubwa.

Ila nisikilize hapa. Baipasi haiondoi ugonjwa, inaipitishia damu njia nyingine pale palipoziba, kwa kutumia mshipa wa kifuani au wa mguuni. Mshipa wa kifuani unaounganishwa mbele ya moyo unadumu mno, baada ya miaka 10 zaidi ya asilimia 90 unakuta bado iko wazi, lakini inayotolewa mguuni karibu nusu inakuwa imeziba au imechoka. Mshua mwaka wa tano akajiona mzima, akaacha dawa ya kolesteroli eti inamuumiza misuli, na sisi tukanyamaza kwa sababu anapanda ngazi bila kuhema. Hilo kosa letu linaniuma mpaka leo. Mwaka wa nane kifua kikambana akitoka msikitini, kupigwa picha ya mishipa ya moyo, mmoja wa ile iliyotolewa mguuni umeziba kabisa, akawekewa stenti, kile kibomba kidogo cha waya kinachouacha mshipa wazi.

Kwa mwenye sukari kama mzee wako mi ningekubali kupasuliwa. Utafiti wa FREEDOM wa 2012 ulifuatilia watu wa namna yake, ndani ya miaka 5 waliopasuliwa walikufa kama 11 katika 100, wa stenti 16. Na siku hizi sio lazima India, JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) pale Muhimbili, Dar, wanafanya.

Muulize daktari atatumia mshipa wa kifuani au ya mguuni tupu, halafu mkubaliane kabisa nyumbani nani atasimamia dawa. Kwetu ni mdogo wangu wa mwisho, saa tatu usiku anampelekea na glasi ya maji, anasimama hapo mpaka ameze.