Supamaketi inauza chini ya bei ya jumla: je, ni dhulma?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nina duka la rejareja hapa Malindi, mtaa wa Barani, nimelirithi kwa marehemu baba. Mwaka jana ilifunguliwa supamaketi kubwa karibu na sisi. Mimi gunia la sukari la kilo 50 nalichukua kwa Sh6,800, yaani kilo Sh136 kabla sijalipa mkokoteni. Wao wanauza kilo mbili kwa Sh250. Watu wananunua sukari huko, kwangu wanakuja kukopa. Tena msambazaji wa mafuta ya kupikia ameniambia hawezi kunipa bei ya zamani kwa sababu "wakubwa" hawataki. Je, hii ni halali? Sisi wenye maduka saba tumekubaliana tusiuze sukari chini ya Sh150, na mimi nimeweka magunia kumi na mawili mpaka Ramadhani. Naomba pia jambo hili litajwe kwenye khutba, watu waache kwenda huko.

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Ndugu yangu, umeuliza moja ukakiri mawili. Tuanze na uliloliuliza.

Kuuza rahisi peke yake si dhambi. Bei ilipopanda Madina, Masahaba walimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei. Akakataa. Akasema Mwenyezi Mungu ndiye Mpangaji wa bei, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila mtu kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Hadithi hii ameipokea Anas, na ipo kwa Abu Dawud na Tirmidhi. Ikiwa Mtume mwenyewe alihofia kuingilia bei iliyopanda, sisi tutaharamishaje iliyoshuka, na anayefaidika ni mama anayetafuta sukari ya chai ya wanawe?

Lakini kuna kisa kinachokaribia sana chako. Sayyidna Umar alimpitia Sahaba Hatib bin Abi Baltaa sokoni, mbele yake magunia mawili ya zabibu kavu. Akamuuliza bei, naye akajibu: mudi mbili (kipimo cha ujazo) kwa dirhamu. Umar akamwambia, nimesikia msafara unakuja kutoka Taif umebeba zabibu, na wao watapima kwa bei yako. Ama pandisha, ama ingiza zabibu zako nyumbani uuze upendavyo. Imam Malik amekipokea kisa hiki kwa ufupi, na wako Wamaliki, wafuasi wa madhehebu yake, wanaokishika kumzuia mtu kuwaharibia wenzake soko kwa kuuza chini yao. (Wamaliki wenyewe wamegongana: wengine wanasema anayezuiwa ni anayeuza ghali kuliko wenzake.) Imam wetu Shafii amekuja na mwisho wa kisa. Umar aliporudi aliihesabu nafsi yake, akamfuata Hatib mpaka nyumbani kwake, akamwambia: niliyokwambia si amri wala si hukumu, ni jambo nililolitakia kheri watu wa mji; uza popote na vyovyote utakavyo.

Mimi nasimama na Shafii. Kwa hiyo bei ya Sh250 hainitoshi kusema supamaketi ile inadhulumu. Huenda wanapata hasara kwenye sukari wakairudisha kwenye sabuni na biskuti, na mnunuzi anaingia kwa hiari yake. Ikithibiti kwamba wanauza kwa hasara makusudi ili mfunge, kisha wapandishe mkishatoka, hapo nia imegeuka kuwa madhara, na Mtume amesema hakuna kudhuru wala kulipiziana madhara. Ila nia ni ya moyoni. Mimi na wewe hatuna kipimo chake.

Ukitaka kuiona dhulma ya mfanyabiashara mkubwa, usisimame kwa keshia. Zunguka mlango wa nyuma, pale lori la msambazaji linaposhusha.

Hapo mambo ni ya zamani. Marekani, kufikia mwaka 1930, kampuni ya A&P ilikuwa na maduka ya vyakula yapatayo 16,000. Malalamiko ya wenye maduka madogo hayakuwa kwa bei tu. Walisema mkubwa yule anawabana viwanda mpaka wampe punguzo ambalo mdogo halipati. Mwaka 1936 ikatungwa sheria ya kuzuia punguzo la upendeleo. Hapa kwetu tuliona sura nyingine. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru kwa kuuza magodoro, ilipoanguka iliacha wasambazaji wengi wakidai. Mtume amesema, katika Bukhari na Muslim, kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhulma. Hadithi hiyo ingepaswa kubandikwa kwenye ofisi ya manunuzi ya kila supamaketi. Sheria ya Kenya nayo, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, ilitaja kuchelewesha malipo bila sababu kuwa ni matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Na Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ilitangaza faini ya zaidi ya shilingi bilioni moja kwa kampuni inayoendesha Carrefour nchini, kwa kuwabana wasambazaji. Hili lilitangazwa hadharani, si kusengenya.

Basi lile neno la msambazaji wako ndilo zito kuliko sukari yote. Kama kweli ametishwa asikupe bei, huko ni kumfungia mtu mlango wa riziki, na Mtume amesema: waacheni watu, Mwenyezi Mungu awaruzuku baadhi yao kwa baadhi. Malindi tunaijua biashara ya namna hiyo tangu Wareno. Hawakushindana nasi kwa bei, walidai vyeti vya kupita baharini, na jahazi lisilo na cheti likakamatwa na shehena yake. Mwombe msambazaji aseme hilo kwa maandishi, upeleke malalamiko kwa Mamlaka. Neno la mdomoni halitoshi, wala kwa kadhi halitoshi.

Sasa mapatano yenu ya maduka saba. Yavunjeni. Abu Hanifa na wanafunzi wake waliwazuia wagawanyaji wa mali ya urithi na ya shirika, waliofanya kazi hiyo kwa ujira, wasishirikiane, kwa kuwa wakiungana ujira utawapandia watu. Mnalolifanya ni lile lile. Mnamlalamikia mkubwa, na nyinyi saba mmejifanya mkubwa mmoja. Unganeni kununua kwa jumla lori zima kiwandani, hilo halina ubaya. Kisha kila mtu auze kwa bei yake.

Khutba sitaitoa. Mimbari si mahali pa kumwambia maskini anunue ghali.

Ama magunia kumi na mawili, Mtume amesema hahodhi ila mkosaji. Katika madhehebu yetu makosa ni kununua chakula wakati wa ghali na kukiweka kingojee kupanda zaidi. Aliyenunua wakati wa rahisi haingii. Wapo watakaokwambia sukari si chakula cha msingi kama mchele. Sioni nguvu ya hoja hiyo katika mji ambao futari yake ni uji, tambi na kaimati. Kwa hiyo tazama risiti zako. Uliyonunua bei ikiwa chini, ni yako, uza utakapo. Uliyonunua ilipokwisha panda, yatoe wiki hii.