Niandike vipi habari ya mtu aliyejiua?

Suali: Assalaam alaykum. Mimi naripoti kutoka Wete. Polisi wametupa taarifa ya kijana aliyejiua, mna jina, shehia, njia aliyotumia na maneno ya ujumbe alioacha. Mhariri anataka ukurasa wa mbele na picha ya nyumba. Nikiviacha hivo si nitakuwa nimeficha habari?

Jibu: Waalaykum salaam mdogo wangu. Hufichi kitu. Habari ni kwamba mtu kafariki na polisi wanachunguza, hio andika. Njia aliyotumia iache kabisa, na hapa ndo tunapokosea zaidi, maana vichwa vya habari tumezoea kuvianza na kitenzi kinachosema yote, msomaji hajafika mstari wa kwanza keshajua alivofanya. Na polisi kukutajia si amri ya kuchapisha.

Kwa nini? Kwa sababu katika wasomaji wako yupo ambaye wiki hii na yeye kafika hapo hapo, na maelezo ya njia ndo yanayomvuta. Hili limeshaonekana. Vienna kule Austria, miaka ya 1980 watu wakijiua kwenye treni za chini ya ardhi na magazeti yakiandika kwa mbwembwe, katikati ya 1987 waandishi wakapewa muongozo wakapunguza, na ndani ya nusu mwaka vifo vile vikashuka kwa zaidi ya robo tatu. Shirika la Afya Duniani nalo limetoa muongozo wa waandishi tokea 2000, na mwaka 2023 likatoa toleo jipya.

Jina usiweke. Na usidhani herufi za mwanzo zinasitiri, Pemba hii ukishaandika herufi, umri, kazi na shehia basi umeshamtaja, kabla ya Isha watu wanajua ni mtoto wa nani, na mamake bado yuko ndani na watu wa msiba. Wilaya inatosha. Picha ya nyumba hapana, ujumbe usinukuu hata sentensi moja.

Sababu pia uwe nayo makini. Jirani atakwambia mapenzi, mwengine madeni, usichukue moja ukaifanya kichwa cha habari, mara nyingi mambo huwa mengi pamoja na maradhi ya akili yanayotibika yamo. Hukumu ya akhera si kazi ya gazeti.

Mimi ningeanza hivi: "Kijana mmoja amefariki dunia wilaya ya Wete na polisi wanaamini alijiua." Ukurasa wa ndani, aya sita saba tu. Mbili katika hizo mpe daktari au muuguzi wa afya ya akili aseme dalili gani jamaa waziangalie na mtu akizidiwa aende wapi. Unguja kuna hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, lakini msomaji wa Micheweni huwezi kumwambia avuke bahari usiku, kwa hio ulizia hospitali za huko huko Pemba nani anapokea wagonjwa na saa ngapi, na namba yoyote utakayoiweka uipige mwanzo wewe mwenyewe usikie kama kuna mtu anajibu.